Ukuta wa Nyumba na Mzigo wa Kuni: Unene Upi Wafaa Katika Nchi za Baridi?

Wasomaji wetu wakaao pwani, wakisikia habari ya nyumba kutiwa joto, huenda wakacheka, maana shida yao wao ni kupata upepo. Lakini wenzetu wa milimani, wa Njombe na Makete, wa Limuru na Kinangop, hawacheki hata kidogo. Wajua kwamba kila mtu apandapo mlima kiasi cha mita 1,000, hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, nchi iliyo juu ya mita 2,000 hupata usiku wenye baridi kali, na mahali pengine, kama uwanda wa Kitulo, sakitu huonekana asubuhi juu ya majani kana kwamba mtu amemwaga chumvi.

Katika miezi hiyo kuni huwa mali. Akina mama huondoka alfajiri kutafuta kuni, na kila mwaka njia huzidi urefu, maana miti ya karibu imekwisha. Moto huwashwa tangu jioni, watoto hukohoa kwa moshi, na kabla ya kucha nyumba imekwisha kuwa baridi kama nje. Watu husema, "Kuni za siku hizi hazina joto." Sisi twasema kuni hazina kosa. Joto limetolewa, nalo limepotea njiani. Basi katika makala hii twapenda kueleza jinsi joto litokavyo nyumbani, na jinsi mtu awezavyo kuchagua unene wa vazi la ukuta wake, asifanye haba wala asifanye kupita kiasi.

Joto lakimbilia wapi?

Yatupasa kwanza kufahamu jambo moja, kwamba baridi haiingii nyumbani kama mwizi. Ni joto litokalo. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi daima, wala halisimami mpaka pande mbili zimekuwa sawa. Mwaka 1822 mtaalamu wa Ufaransa, Joseph Fourier, alitoa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu jinsi joto linavyopita ndani ya vitu. Kwa ufupi, kanuni yake ni hii: joto lipitalo ukutani huzidi kama ukuta ni mpana, huzidi kama tofauti ya joto la ndani na nje ni kubwa, na hupungua kama ukuta ni mnene. Tena kila kitu kina tabia yake. Kingine hupitisha joto upesi, kingine kwa shida.

Katika vitu vyote vilivyo karibu nasi, hewa iliyotulia ni mojawapo ya vile vipitishavyo joto kwa shida sana. Lakini hewa haipendi kutulia. Ikipata nafasi huzunguka, ikapanda ya moto na kushuka ya baridi, ikachukua joto pamoja nayo. Kwa hiyo shauri ni kuifunga hewa katika vyumba vidogo vidogo visivyohesabika. Ndiyo kazi ya sufu mwilini mwa kondoo, ya manyoya ya ndege, na ya blanketi kitandani. Blanketi halina moto ndani yake. Lazuia tu joto la mwenye kulala lisimtoroke. Nyasi kavu zilizoshindiliwa kiasi, pumba za mpunga na maranda ya seremala hufanya kazi iyo hiyo.

Wazee walijua

Neno hili si geni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro walijenga nyumba za msonge zilizoezekwa majani tangu kileleni mpaka chini, hata ukuta hauonekani. Ndani walilala watu pamoja na ng'ombe na mbuzi. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto kiasi cha taa ya umeme ya wati 100, na ng'ombe mmoja hutoa mara kadhaa zaidi. Basi nyumba ile ilikuwa na moto usiotaka kuni, na vazi nene la kuuhifadhi. Zilikuwa na ila zake, za moshi, giza na viroboto, nasi hatusemi watu wazirudie. Twasema tu kwamba tulipoacha majani tukashika matofali na mabati, tulipata nyumba safi yenye kudumu, ila tuliivua nguo.

Sisi wenyewe tulipopata kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati tulijiona tumeendelea sana. Hata ulipofika mwezi wa Julai tukaona ajabu: tulikuwa tukiota moto usoni huku mgongo wabaridi, na asubuhi matone ya maji yaanguka kutoka batini juu ya vitanda. Jirani yetu mzee, aliyekaa katika nyumba ya majani, alitumia kuni nusu ya zetu, naye alilala vizuri. Tukaona ni aibu kwa mtu afanyaye kazi ya hesabu kutoihesabu nyumba yake mwenyewe.

Kosa la kusema "ukuta mnene wa mawe"

Watu wengi hudhani kwamba ukuta mzito ndio ukuta wa joto. Hapo pana mambo mawili yachanganywayo, nayo ni kuweka joto na kuzuia joto. Jiwe huweka joto jingi; likipigwa na jua mchana, usiku huwa na vuguvugu. Lakini jiwe halizuii joto. Lapokea kwa upande mmoja na kulitoa kwa upande wa pili.

Tazameni ulinganifu huu. Tukichukua nyasi kavu zilizoshindiliwa, unene wa sentimita 5, ili kupata kinga iliyo sawa nazo twahitaji:

Ubao wa msonobari, sentimita 11 hivi.
Matofali ya kuchoma, sentimita 58 hivi.
Zege, zaidi ya mita 1.
Jiwe gumu la itale, zaidi ya mita 2.

Yaani nyasi ambazo mtoto aweza kuzibeba zashinda ukuta wa ngome. Lile povu jeupe jepesi ambalo viwanda hufungia redio na vyombo vya umeme lashinda hata nyasi, maana sentimita 3 na kitu zatosha kuwa sawa na 5 za nyasi; lakini hununuliwa kwa fedha, na likishika moto hutoa moshi wa sumu.

Hesabu ya nyumba moja

Sasa tufanye hesabu, na walimu waweza kuwapa wanafunzi wao darasani. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, na kuta zake zina kimo cha mita 2 na nusu. Ukiondoa mlango na madirisha, kuta ni mita za mraba 50. Ni kuta za matofali ya kuchoma, unene wa sentimita 23. Twataka ndani pawe na digrii 18, ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lilizitaja kuwa kipimo cha kulinda afya wakati wa baridi. Nje kuna digrii 6. Tofauti ni digrii 12.

Ukuta wa namna hiyo hupitisha wati 2 kwa kila mita ya mraba na kila digrii moja ya tofauti. Basi 2 mara 50 mara 12 ni wati 1,200. Kwa muda wa saa 10 za usiku ni wati-saa 12,000, yaani uniti 12, kama wauzaji wa umeme wanavyohesabu. Kilo moja ya kuni zilizokauka vema ina uniti 4 hivi. Jiko lenye dohani likitupa nusu, twapata uniti 2 kwa kilo. Kwa hiyo kuta peke yake hula kilo 6 za kuni kila usiku. Katika siku 90 za baridi ni kilo 540, au mizigo 27 ya kichwani, kila mzigo kilo 20.

Tukiivika kuta vazi la nyasi, hesabu hubadilika hivi kwa siku 90:

Bila vazi, mizigo 27.
Sentimita 5, mizigo 10.
Sentimita 10, mizigo 6 na kidogo.
Sentimita 15, mizigo 4 na nusu.
Sentimita 20, mizigo 3 na nusu.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Sentimita 5 za kwanza zaokoa mizigo 17. Sentimita 5 za pili zaokoa mizigo 4 tu. Za tatu zaokoa mzigo mmoja na nusu au zaidi kidogo, na za nne kama mzigo mmoja. Nyasi ni zile zile na kazi ni ile ile, lakini faida yapungua. Sababu yake si ngumu: ukiongeza unene mara mbili, joto lipotealo hukaribia kupungua nusu, na nusu ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Mtu aliye uchi akipewa blanketi huona raha kubwa. Akipewa la sita hawezi kujua tofauti yake na la tano.

Kuchagua unene

Basi mtu atajuaje mahali pa kukoma? Na apime gharama ya kila tabaka kwa faida ya tabaka hilo, wala asitazame faida ya vazi zima kwa jumla. Tabaka moja la sentimita 5 kwa kuta zile lataka nyasi kavu kilo 250 hivi, yaani mizigo 12 au 13. Tabaka la kwanza huokoa mizigo 17 ya kuni kila mwaka, basi laleta malipo yake katika msimu wa kwanza. La pili huokoa mizigo 4 kwa mwaka, na baada ya miaka 3 hivi limejilipa. La tatu lataka miaka 7. La nne lataka miaka 12 au 13, na huenda kabla ya hapo ukuta umekwisha kutaka matengenezo. Tena kila tabaka likiwekwa ndani ya nyumba hula nafasi ya sakafu. Katika nyumba ile, sentimita 5 kuzunguka kuta zote ni kama mita moja ya mraba, mahali pa kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo twaona sentimita 10 za nyasi zafaa kwa nchi zetu za milimani, na asiyeweza hizo asikose 5. Lakini shauri hili si sheria kwa kila nchi. Vitu vinne hubadilisha hesabu: ukubwa wa baridi, wingi wa siku zake, bei ya kuni, na bei ya vazi lenyewe. Katika mji wa Darmstadt, huko Ujerumani, mwaka 1991 zilimalizika nyumba za mfano zilizovikwa kuta zao kinga ya zaidi ya sentimita 25, hata hazihitaji ila moto kidogo sana. Huko baridi huchukua nusu ya mwaka, na maji hugeuka barafu. Tabaka la nne na la tano hulipa. Mtu wa Njombe akiiga unene ule atakuwa amevaa koti la theluji kwenda shambani. Na mtu wa Tanga hana haja na vazi la namna hii kwa ajili ya baridi.

Dari kwanza, nyufa pili, ukuta tatu

Yatupasa kuonya kwamba ukuta si njia pekee. Bati tupu lisilo na dari hupoteza joto vibaya sana. Katika nyumba yetu ya mfano, paa la bati lapitisha karibu mara mbili ya joto lipitalo katika kuta zote nne. Usiku wa mbingu safi bati hutupa joto lake juu hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe, ndipo pumzi zetu zikageuka matone. Mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi moja tu mwaka huu, na aweke dari. Dari ya mbao au ya mabua yaliyosukwa, juu yake nyasi kavu au maranda sentimita 10, ni kazi ya siku chache. Mchana mabati yakichomwa na jua, dari hiyo hiyo hupunguza joto.

Kisha atazame nyufa za mlango, za madirisha, na pengo kati ya ukuta na paa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba usipoziba ufa, hata ukuta mzuri hautakufaa. Hewa ya moto ikitoka juu, ya baridi huingia chini, na kuni zote zimekwenda kupasha mawingu.

Namna ya kuuvika ukuta

Vazi likiwekwa nje ya ukuta ni bora, maana matofali hubaki upande wa joto, yakaweka akiba ya moto wa jioni mpaka alfajiri. Fanyeni hivi. Simamisheni fito nje ya ukuta, mbali kiasi cha unene mtakao. Jazeni nyasi zilizokauka kabisa, mkizishindilia sawasawa, zisikae legevu zikashuka na kuacha pengo juu. Halafu kandikeni udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwa, usipungue sentimita 3, na mkipata chokaa mpake juu yake.

Adui wa vazi hili ni wanne. Wa kwanza ni maji, kwani nyasi zilizolowa hupitisha joto kisha huoza. Basi paa lipite ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, na vazi lianzie juu ya msingi wa mawe ulioinuka. Wa pili ni mchwa, nao huzuiwa na msingi huo huo, mradi mkaguliwe mara kwa mara. Wa tatu ni panya, ambaye hukosa njia kama udongo hauna ufa. Wa nne ni moto. Nyasi zilizofunikwa kwa udongo pande zote hazishiki upesi, ila zilizo wazi karibu na jiko ni hatari kubwa. Dohani isigusane kamwe na nyasi za darini.

Onyo lisilosahaulika

Sasa twafika kwenye neno ambalo tungependa lisomwe mara mbili. Nyumba iliyozibwa vema ni nyumba ya raha, lakini kwa mtu mjinga yaweza kuwa kaburi. Kila msimu wa baridi twasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, asubuhi wakakutwa wamekufa, labda baba, mama na watoto, bila jeraha wala alama ya ugomvi. Wengine husema wamerogwa. Hawakurogwa. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa njema, na mtu hupoteza fahamu kabla hajajua kuna hatari. Kuwaka kwa makaa bila moshi si dalili ya usalama hata kidogo.

Kwa hiyo, jiko la mkaa lisilale ndani na watu, wala la kuni lisilo na dohani. Moto ulio na dohani nao uachiwe tundu dogo la kuingiza hewa. Moshi wa kuni nao huua, ingawa polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3 na laki 2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majikoni na nyumbani, na mzigo mkubwa huwaangukia wanawake na watoto wakaao karibu na moto. Hii ndiyo sababu kubwa ya kulisifu vazi la ukuta. Kuni zikipungua, moshi hupungua. Nyumba ikishika joto la jioni, hakuna haja ya kulala na moto.

Jaribio kwa shule na baraza

Asiyesadiki na ajaribu. Mwalimu achukue makopo mawili yaliyo sawa, ayajaze maji yaliyochemka sawasawa, ayafunike. Moja aliweke mezani tupu. La pili aliweke ndani ya boksi lililojazwa nyasi kavu pande zote, chini na juu. Baada ya saa mbili mwalimu apime joto la maji ya kila kopo, watoto watazame wasitie vidole. Kisha afanye tena kwa boksi jembamba na boksi nene, ili waone kwamba tofauti ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Somo hilo litaingia kuliko maneno yetu yote.

Na machifu na wakubwa wa vijiji, mkiwa na nyumba ya baraza au ya mwalimu itakayotengenezwa kabla ya Juni, tunaomba muivike hiyo kwanza, watu wapite na kugusa ukuta wake usiku. Hesabuni mizigo ya kuni iliyoingia mwaka huu na ile ya mwaka ujao, mkaiandike. Nasi katika nyumba yetu tulianza na dari, mwaka wa pili tukaweka sentimita 10 ukutani. Matone hayaanguki tena kitandani, na yule jirani yetu mzee alipokuja kutuamkia asubuhi moja ya Julai, aliketi kimya kidogo, akavua koti lake.